"Muundo wa Udongo": Istilahi Moja, Mambo Mawili

Katika tafsiri za kilimo neno "muundo" hubebeshwa mizigo miwili. Mara hueleza ukubwa wa chembe za udongo, kwamba ni wa kichanga au wa mfinyanzi; mara hueleza namna chembe hizo zilivyoshikamana. Kosa hili si dogo, kwani la kwanza mbolea hailibadili, ilhali la pili huweza kulijenga au kulibomoa.

Tutoe mfano wa karibu. Majumba ya Michenzani, yaliyojengwa katika miaka ya 1970, yametokana na mchanga, kokoto na saruji. Lakini vitu hivyo vikilundikwa uwanjani havifanyi nyumba. Nyumba ni vyumba, milango na ngazi. Udongo nao una vyumba vyake, ambamo maji na hewa hupita na mizizi hupenya. Mkulima wa Unguja anaposema "kichanga" au "kinongo", hutaja hasa vifaa vya ujenzi. Jina la jengo lenyewe ndilo linalokosekana. Twapendekeza, basi, "uchembe" kwa jambo la kwanza na "mjengo wa udongo" kwa la pili.

Neno jingine tunalolitilia shaka ni "kuvu". Likiachwa peke yake, humkumbusha msomaji mkate ulioharibika na dawa ya kunyunyiza. Kumbe zipo kuvu zinazoishi pamoja na mizizi ya muhogo na ya mimea mingine mingi: huipatia mimea fosfati, nayo huzilipa sukari. Nyuzi zake hufungafunga chembe za udongo zikawa vibonge visivyosambaratika upesi kwa mvua. Hizo tuziite "kuvu-mizizi", ili rafiki asidhaniwe adui.

Hatimaye, "mbolea". Samadi hulisha viumbe wa udongoni, na mjengo ukaimarika. Mbolea ya chumvichumvi hulisha mmea wenyewe; lakini ile ya fosfati ikizidi, mmea hupunguza ushirika wake na kuvu-mizizi, na nyuzi zile zikapungua. Hatusemi kwamba chumvichumvi ni sumu. Twasema kwamba mfasiri anayeandika "tia mbolea" bila kubainisha ni ipi amemnyima mkulima nusu ya habari, na hasara itaonekana shambani, si katika kitabu.

Wenye istilahi zilizo bora kuliko hizi tunawaomba wazilete zijadiliwe.