Herufi Tatu za Mlango wa Nyuma

Wahakiki wetu wanapenda vitabu vyenye jalada. Leo mimi nataka kuhakiki neno moja tu, ambalo anayepanda Coaster kutoka Msamvu kuja huku Mzumbe atakuwa ameshaliona, ila kulisoma ni habari nyingine. Ni zile herufi tatu za Kijapani, mara nyingi nyekundu, zinazokaa kwenye mlango wa nyuma wa baadhi ya mabasi yaliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa kwetu.

Kijiweni tafsiri ni nyingi kuliko abiria. Eti ni jina la kampuni. Eti ni dua ya safari. Konda mmoja alituapia kwamba maana yake ni "gari imara". Tafsiri tamu, lakini jamaa alikuwa kazini.

Neno lenyewe hutamkwa hijoguchi. Alama ya kwanza ina maana ya "si", ya pili "kawaida", ya tatu "mdomo". Mdomo wa yasiyo ya kawaida! Kwa lugha yetu, ndugu msomaji, ni mlango wa dharura. Tena mdomo ukiwa peke yake ni kuchi. Ukifuata neno jingine, ile k inaweza kulainika ikawa g. Sisi tunaosema ulimi halafu ndimi hatuna haki ya kushangaa. Na huo mdomo usitushangaze pia, maana chupa yetu ina mdomo, pango lina mdomo.

Kama shairi, neno hili limenikosha. Kama tangazo, limekufa. Kazi yake ni kuokoa watu, nalo linasafiri kila siku katikati ya watu wasioweza kulisoma, kwenye barabara ya Iringa inayopitisha malori ya Zambia. Kuna gari nililopanda ambalo kiti kimefungwa kwa nati mbele ya mlango huo huo! Sidhani fundi angethubutu kama ungeandikwa kwa Kiswahili. Ubavuni pamejaa majina ya wachezaji na vijembe kwa majirani, rangi haikukosekana, lakini maneno matatu ya kuokoa roho yamewashinda.

Wapo watakaosema maana si lazima, umbo la herufi linatosha. Watanitajia kanga. Ni kweli, miaka ya 1950 na 1960 kanga zilizouzwa Afrika Mashariki zilichapwa pia Japani, na bila shaka wengi waliozichapa waliona Kiswahili chetu kama mapambo tu. Lakini jina la kanga halikuokotwa. Wafanyabiashara wa huku, kama Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa mwenye chapa ya "Mali ya Abdulla", walijua wanamuuzia nani. Mama aliyeinunua alijua jina lake, na jirani aliyelengwa akalijua vizuri zaidi. Mchapaji hakuelewa, msomaji akaelewa, mambo yakaenda. Kwenye Coaster mambo yamepinduka: aliyeandika alielewa kila kitu, sisi tunaopaswa kutoka kwa mlango huo ndio tuko gizani.

Hapa ndipo ninapogombana na baadhi ya hadithi tunazosomeana sisi vijana. Mhusika anatupiwa sentensi ya Kifaransa mdomoni kwa sababu mwandishi aliiona kwenye chupa ya manukato. Jambazi wa Kihonda anatamka Kilatini! Nikiuliza kwa nini, naambiwa inaleta ladha. Ladha gani, bwana? Mimi nataka kujua ndani ya hadithi ni nani anayeweza kulisoma hilo neno, na asiyeweza litamfanya nini.

Hijoguchi peke yake lina riwaya nzima. Mimi nimeshaanza, na mhusika wangu ni abiria wa kiti cha nyuma kabisa. Nimemfikisha Sangasanga. Gari limejaa, konda bado anaita watu, na yeye ameegemea zile herufi, anasinzia.