Maneno Yanayokwenda Mawili Mawili

Sentensi ya Kiingereza huweza kunyooka au kupinda kwa sababu ya maneno madogo ambayo msomaji hayakumbuki akishafunga kitabu: “both” na “and”, “either” na “or”, “neither” na “nor”, “not only” na “but also”. Mwalimu huviita viunganishi vya jozi, huviandika ubaoni, huvitungia zoezi, kisha somo likasonga mbele. Vinastahili sifa zaidi ya hapo, kwa kuwa vinafunza jambo ambalo uandishi wote unalihitaji: anayeanza kusema awe ameshajua atakakoishia. Ukishaandika “either”, msomaji anaingoja “or”, na hutakuwa na raha mpaka umpe.

Mchota maji wa mzegazega hupima ndoo zake kabla ya kuinuka. Moja ikijaa na nyingine ikiwa nusu, mti hulala upande mmoja na bega ndilo linaloumia. Tazama sentensi hii: “She not only sells fish but also coconuts.” Upande wa kwanza umebeba kitenzi pamoja na nomino, “sells fish”, wa pili umebeba nomino tupu. Sasa sogeza kitenzi nyuma kidogo: “She sells not only fish but also coconuts.” Samaki huku, nazi kule, na mzigo umetulia. Halikuongezwa neno wala halikupunguzwa. Kilichobadilika ni mahali tu. Huo ndio ufundi wenyewe, na uzuri wake ni kwamba ukifanywa vyema hauonekani.

H. W. Fowler, Mwingereza aliyefundisha shule kabla ya kutunga kamusi, hakuona jambo hili kuwa dogo. Katika “A Dictionary of Modern English Usage”, kitabu chake cha mwaka 1926, aliwakemea waandishi wanaoliweka “not only” pasipo mahali pake.

Baada ya usawa huja upatanisho. “Either… or” na “neither… nor” zinapounganisha viima viwili, kitenzi humfuata aliye jirani yake: “Neither the captain nor the sailors were asleep.” Wageuze, nacho kinageuka: “Neither the sailors nor the captain was asleep.” Zote mbili ni sahihi, ila ya pili hukwaruza sikio. Mwandishi makini hutanguliza umoja na kuuweka wingi karibu na kitenzi, na msomaji hupita bila kujikwaa.

Wanafunzi wetu wa sekondari hukutana na ufundi huu kwa sura kali zaidi, wanapotakiwa kuandika upya sentensi wakianza na “No sooner”. Hapo kitenzi kisaidizi humtangulia kiima: “No sooner had the bus stopped than the hawkers surrounded it.” Wengi huweka “when” badala ya “than”. Anayekariri tu atasahau. Anayejua sababu hatasahau. “Sooner” ni neno la kulinganisha, na ulinganisho wa Kiingereza hudai “than”. “Hardly” halilinganishi kitu, ndiyo maana mwenzake ni “when”.

Mitego mingine inatoka nyumbani. Sisi husema, “Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja,” na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali jozi hiyo: “although” ikishatangulia, “but” haina kazi. Vivyo hivyo, katika “Hana shamba wala nyumba” tunakanusha kwenye kitenzi, kisha tunaongeza “wala”. Anayeuhamisha mpango huo huandika, “He does not have neither a farm nor a house,” ilhali Kiingereza sanifu kinatosheka na kanusho moja: “He has neither a farm nor a house.” Hapa Kiswahili hakina kosa lolote. Kila lugha ina namna yake ya kupanga jozi, na anayeandika kwa lugha mbili hana budi kuzijua zote.

Atakuwepo wa kusema kwamba maana hueleweka hata neno likikaa upogo. Mara nyingi ni kweli, hasa barazani, ambako msikilizaji akitatizwa huuliza papo hapo. Msomaji hana wa kumuuliza. Akikwama, hurudi mwanzo wa sentensi kufanya kazi ambayo mwandishi aliikwepa.

Basi, ndugu msomaji, ukimaliza sentensi yenye jozi, tazama kilichofuata neno la kwanza, kisha kilichofuata la pili. Vikiwa vya aina moja, nomino kwa nomino au kitenzi kwa kitenzi, iache ilivyo. Visipolingana, hamisha neno kabla hujafikiria kuongeza jingine.