Sindano Isiyo na Dawa: Istilahi za Tiba ya Kichina kwa Wanawake

Tumeletewa mezani tafsiri ya kijitabu cha maelezo kwa wanawake wanaokusudia kutibiwa kwa utaratibu wa Kichina, ili washike mimba au watulize maumivu ya hedhi. Hatumtaji mfasiri wala waliokichapisha, kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha si yao peke yao. Aghalabu twayakuta katika tafsiri za namna hii. Kiswahili chake ni fasaha na chasomeka bila taabu. Lakini ufasaha huo ndio unaotutia hofu, maana msomaji hatashtuka mahali anapopotoshwa.

Tuanze na jina la tiba yenyewe. Kijitabu chaiita “tiba ya sindano”, na mbele kidogo “sindano za uzazi”. Kwa msemaji wa kawaida wa Kiswahili, kuchomwa sindano ni kutiwa dawa mwilini. Zaidi ya hayo, mwanamke aliyepata kufika kliniki ya uzazi wa mpango anaijua sindano nyingine, ile inayozuia mimba kwa miezi mitatu. Basi yule anayetafuta mtoto, akiambiwa kwamba atachomwa sindano za uzazi, ana haki ya kukimbia. Sindano za Wachina ni nyembamba mno, hazina tundu wala hazipitishi dawa. Jina lililochaguliwa limeficha jambo ambalo mgonjwa alipaswa kulijua kwanza.

Wapo wanaopendelea “tiba ya vitobo”. Nalo halikidhi haja, kwa sababu kitobo ni alama inayobaki, si tendo linalofanywa. Tena majina yote mawili yameacha nusu ya maana. Wachina huiita tiba hii zhenjiu: zhen ni sindano, na jiu ni kuunguza majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga karibu na ngozi ili joto liingie. Wazungu nao waliacha nusu hiyo. Willem ten Rhijne, daktari Mholanzi aliyeiona tiba hii huko Japani, alipoieleza katika kitabu cha Kilatini kilichochapishwa London mwaka 1683, alitumia jina lililotokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya sindano na kudunga. Moto haukuingia katika jina hilo. UNESCO ilipoiingiza tiba hii katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2010, iliyataja yote mawili, sindano na moto.

Kiswahili kina bahati ambayo Kilatini hakikuwa nayo. Kitenzi -choma chabeba maana zote mbili: twachoma kwa sindano, na twachoma kwa moto. Kwa hiyo twapendekeza “tibachomo”, kwa kufuata mfano wa tibakemikali uliokwisha kuzoeleka. Chini yake kuwe na matawi mawili: “udungaji” kwa kazi ya sindano, na “ukanzaji” kwa kazi ya moto, kwani ngozi hupashwa joto tu, haikusudiwi kuungua. Twakiri kwamba jina tibachomo laweza kumtisha asiyelijua. Dawa yake ni sentensi moja ya maelezo mara litajwapo kwa mara ya kwanza: sindano nyembamba zisizo na dawa, pamoja na joto la majani yanayofuka.

Kosa la pili ni zito zaidi. Kijitabu chamwambia mwanamke asiyeshika mimba kwamba figo zake ni dhaifu. Katika elimu ya kale ya Kichina, neno linalofasiriwa “figo” halihusu kiungo kinachochuja mkojo pekee, bali uwezo mzima unaodhaniwa kutawala kukua, mifupa na uzazi. Kitabu cha Huangdi Neijing chayahesabu maisha ya mwanamke kwa saba saba: katika mwaka wa 7 nguvu za figo hujaa, katika mwaka wa 14 hedhi huanza, na katika mwaka wa 49 uzazi hukoma. Hiyo si habari ya kiungo anachokipima daktari wa hospitali. Mwanamke mwenye figo nzima atarudi nyumbani na hofu ya ugonjwa asio nao. Na yule mwenye ugonjwa wa figo kweli aweza kudhani kwamba majani yatamtosha.

Baadhi ya waandishi wa Kiingereza hutofautisha dhana hizo mbili kwa herufi kubwa. Njia hiyo haitufai, kwani herufi kubwa haisikiki sikioni, na maelezo mengi kwetu husomwa kwa sauti na muuguzi. Kukopa neno la Kichina “shen” nako kuna mtego: neno jingine la Kichina, lenye maana ya roho au nafsi, hutofautiana nalo kwa kidatu cha sauti tu, na Kiswahili hakina vidatu hivyo. Twaona heri kuandika “figo kwa mujibu wa elimu ya Kichina”. Ni refu, lakini urefu si dhambi pale ufupi unapodanganya.

Kosa la tatu latokana na nia njema. Wachina husema juu ya baridi ya mji wa mimba. Mfasiri akaandika “chango”. Twaelewa alichokitaka: neno linalojulikana na kina mama wa pwani, lenye kugusa hedhi na uzazi kwa pamoja. Lakini chango lina sababu zake, dalili zake na waganga wake, na hakuna mmoja kati yao anayelieleza kwa nadharia ya baridi ya Kichina. Kuzibandika elimu mbili jina moja ni kuzidhulumu zote mbili. “Baridi ya mji wa mimba” yatosha, maadamu imeandikwa wazi kuwa ni kauli ya Kichina.

Kadhalika tunapinga “utasa” kuwa jina la tatizo linalotibiwa. Neno hilo humwangukia mwanamke peke yake, ilhali kutopata mtoto kwaweza kutokana na mume, mke au wote wawili. “Ugumba” hufaa zaidi, na maana yake ya kitabibu ifuate ile ya Shirika la Afya Duniani: kutoshika mimba baada ya kujamiiana kwa kawaida bila kinga kwa miezi 12 au zaidi.

Sasa tuje kwenye vitenzi. Kijitabu chasema kwamba sindano “hufungua kizazi”. Hiyo ni ahadi, wala haina msingi katika matokeo ya utafiti. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya wanawake 1,000 wa China wenye matatizo ya kupevusha mayai. Waliopata udungaji halisi walijifungua watoto hai kwa asilimia 21.8; waliopata udungaji wa kuigiza, kwa asilimia 22.4. Mwaka 2018, kwa wanawake 848 wa Australia na New Zealand waliokuwa wakipandikizwa mimba hospitalini, viwango vilikuwa asilimia 18.3 na 17.8. Tofauti hizo hazitoshi kumshuhudilia mtu. Hatusemi kwamba mwanamke asiende. Twasema kwamba mfasiri aandike “hutumiwa kwa” pale asipoweza kuthibitisha “hutibu”.

Mwisho ni majina ya majani na mizizi, ambayo kijitabu kimeyafasiri yote kuwa “mitishamba ya Kichina” bila kuyataja. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels walitangaza habari za wanawake walioharibikiwa figo baada ya kumeza dawa za kupunguza unene zenye mizizi ya Kichina. Hatimaye idadi yao ilipita 100. Mzizi uliokusudiwa ulikuwa Stephania tetrandra. Uliotumika ulikuwa Aristolochia fangchi, wenye sumu. Mimea hiyo miwili hushirikiana jina moja sokoni, fangji. Wanawake wale waliponzwa na jina. Nasi tukumbuke kwamba kwetu “mchicha” ni jina la mimea zaidi ya mmoja. Kila mmea katika maelezo ya mgonjwa uandikwe kwa jina la Kichina, jina la kisayansi na sehemu itumikayo, ili mama mjamzito aweze kumwonyesha daktari wake alichokinywa.

Madaktari wa Kichina walifika Unguja mwaka 1964, na Tanzania Bara mwaka 1968. Muda huo watosha kwa lugha yetu kuwa na istilahi thabiti za elimu waliyokuja nayo. Twawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa afya watuletee maneno wanayoyasikia vyumbani mwa matibabu, pamoja na pingamizi zao juu ya tibachomo, kabla halijapelekwa kusanifiwa.