Hemispheres: Uzito Ulishapunguzwa, Kulikuwa na Haja Gani ya Kuliua?

Sitazunguka mbuyu: shirika la ndege la United Airlines la Marekani lilikosea. Septemba 2024 lilitoa toleo la mwisho la kuchapwa la Hemispheres, jarida lililokaa kwenye mifuko ya viti vyake tangu 1992, kisha abiria wakaelekezwa mtandaoni.

Hebu tuichambue hatua hiyo. Abiria halinunui jarida la ndegeni wala halitafuti. Amefunga mkanda, jalada liko mbele ya magoti yake. Hakuna mhariri wa mtaani mwenye bahati hiyo. Lihamishie kwenye simu, na sasa linagombania jicho lake na WhatsApp, mpira na sinema. Hatalifungua. Mfuko wa kiti ndio uliokuwa mtaji wote, na United imeutupa kwa hiari yake. Kibandiko cha QR mgongoni mwa kiti, cha kukupeleka mtandaoni, si jarida.

Wanaotaja uzito wa karatasi na mafuta unaokula wakumbuke 2018. United hiyo hiyo ilihamia karatasi nyepesi, kila nakala ikapungua wakia moja, takriban gramu 28, na hesabu yao ikatoa akiba ya galoni 170,000 za mafuta kwa mwaka, kama dola 290,000. Kazi safi. Aliyejua kupunguza gramu alishindwa nini kupunguza kurasa, au kutoa matoleo manne kwa mwaka?

Wengine wataitaja simu. Ni kweli, Oktoba 2013 mamlaka ya anga ya Marekani iliruhusu vifaa vya mkononi vitumike hata ndege inapopaa, na jarida likapoteza dakika zake bora. Lakini United ya wakati ule haikurudi nyuma: Novemba ya mwaka huo huo ikazindua Rhapsody, jarida la abiria wa madaraja ya juu, na waandishi wa riwaya wa kiwango cha Joyce Carol Oates wakaandika humo. Wale walijua kazi. Safu ya Hemispheres ya “Three Perfect Days” nayo ilidumu miaka yote; mji mmoja, siku tatu, basi.

Mashirika mengine ya Marekani yalitangulia: Delta iliachana na jarida lake, Sky, 2020. American ikafunga jarida lake, American Way, lililoanza 1966, Juni 2021. Hao walikuwa na korona ya kusingizia. United 2024 ilikuwa na ndege zilizojaa.

Leo, kati ya mashirika hayo matatu, hakuna hata moja linalochapa jarida la abiria wote.