Kilwa ipi, Pemba ipi? Mabano kwenye vichwa vya makala



Nina neno juu ya kamusi elezo za Kiswahili, hasa vichwa vya makala pale majina yanapogongana. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003, na kazi iliyofanywa na watu wachache wanaojitolea ni kubwa, kwa hiyo sisemi kwa kubeza. Lakini hii dawa ya mabano imezidi. Jina likiwa na wenyewe wawili, haraka haraka linabandikwa (mji), (kisiwa), (mtawala). Hivi lugha yetu imekosa njia yake?

Chukueni Kilwa. Mwambie mtu wa kusini kwamba unakwenda Kilwa, atakuuliza, ipi? Maana iko Kilwa Kisiwani, iko Kilwa Kivinje na iko Kilwa Masoko. Kisiwani ndiko kwenye magofu ya msikiti mkuu na Husuni Kubwa, yaliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1981 pamoja na ya Songo Mnara. Kivinje ulikuwa mji wa biashara ya pembe na watumwa karne ya 19. Masoko ndiyo makao ya wilaya. Wenyeji walishamaliza kazi ya kuzitenganisha, sasa "Kilwa (mji wa kale)" ya nini? Iko pia Kilwa nyingine huko Kongo, kando ya ziwa Mweru, na ndani ya ziwa hilo hilo kipo kisiwa cha Kilwa upande wa Zambia. Andika "Kilwa ya Kongo" na "Kisiwa cha Kilwa, Zambia", kila mtu ataelewa.

Zanzibar ndipo penye mashaka zaidi. Jina moja linabeba visiwa vyote, linabeba nchi yenye serikali yake ndani ya Muungano, na linabeba mji. Kiingereza kikaja kuongeza la nne, kisiwa kikubwa. Basi mtu akitafsiri kutoka Kiingereza bila kufikiri anaangukia "Zanzibar (kisiwa)". Bwana, kisiwa hicho kina jina, kinaitwa Unguja! Mpemba akipanda boti Mkoani utamsikia anakwenda Unguja, kwa sababu Zanzibar yumo tayari. Na hili si suala la herufi tu. Ukiifanya Zanzibar kuwa Unguja, umeitoa Pemba nje bila kusema. Kijana aliyezaliwa Maskati, wazee wake watu wa Wete, anafungua makala kutafuta kwao na anakuta kwao hakumo. Atamwamini nani, bibi yake au kamusi?

Hiyo Pemba nayo ina wajina. Makao makuu ya Cabo Delgado, Msumbiji, yanaitwa Pemba. Wakati wa Mreno mji ule ulikuwa Porto Amélia, ukabadilishwa jina baada ya uhuru wa 1975. Wako watakaosema haki ni kuvinyima vyote viwili jina tupu, kila kimoja kitiwe mabano. Mimi sikubali. Msomaji wa Kiswahili akiandika Pemba, mara nyingi mno anakusudia kisiwa. Apewe kisiwa, na mstari wa kwanza umwelekeze kwenye "Pemba ya Msumbiji" kama alikuwa anatafuta huko. Anayesoma Kireno aanze na mji wake, ni haki yake. Kosa ni sisi kupanga kwa kufuata msomaji wa lugha nyingine.

Kwa watu ndiyo kabisa. Zanzibar ilikuwa na Khalifa bin Said, 1888 mpaka 1890, na Khalifa bin Haroub, 1911 mpaka 1960. Eti "Khalifa wa Kwanza" na "Khalifa wa Pili", kama wafalme wa Ulaya wasiotajwa kwa baba zao! Hiyo "bin" ndiyo kitenganishi chetu, imekuwepo kabla ya kamusi yoyote.

Haya, mabano yana pahala pake, sikatai. Tunapozungumza, ngeli inatuokoa: paa huyu ni mnyama, paa hili ni la nyumba, tai huyu anaruka, tai hii inavaliwa. Kichwa cha makala kinasimama peke yake, hakina "huyu" wala "hili" wa kukishika mkono. Lakini hata hapo jaribuni kwanza. "Paa la nyumba" haihitaji mabano, wala "Tai ya shingoni". Anayebaki ni yule paa wa porini na yule ndege, na hao sina neno, watiwe (mnyama) na (ndege) mpaka apatikane mwenye jina bora.