Maji ya Kinjeketile: Uganga Kiasi Gani Jukwaani?

Mwaka uliopita vijana wa usharika mmoja wa Kitanga, wilayani Kasulu, waliigiza tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Siku chache kabla ya onyesho, mzee mmoja wa kanisa alinijia akitaka pepo Hongo na dawa ya maji viondolewe kabisa. "Mchungaji," akasema, "mtoto aliyebatizwa atachezaje uganga asiguswe nao?" Vijana, kwa upande wao, walikuwa wamekwisha kuongeza. Waliweka moshi, wakaweka manyanga, tena wakabuni tendo lisilomo kitabuni: risasi ya Mjerumani inampiga mpiganaji kifuani na kuchuruzika kama maji. Watazamaji walishangilia sana. Mimi sikufurahi, ingawa si kwa sababu ya mzee yule.

Bila uganga tamthilia hii haipo. Ukiuondoa, wanabaki wakulima wenye njaa wanaolazimishwa kulima shamba la Bwana Kinoo, wala hakuna neno la kuyakutanisha makabila. Lakini Hussein ameutumia kwa uangalifu. Hongo anamchukua Kinjeketile majini, naye anatoka na ujumbe. Tangu hapo kinachomshughulisha zaidi mwandishi si nguvu ya dawa bali nguvu ya neno. Kinjeketile anang'amua kuwa ndani ya ujumbe ule imo ahadi kwamba watu wake watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani watatoka kwa bwana mmoja na kuingia kwa mwingine, na shaka inamwingia. Anataka watu wangoje, nao hawangoji. Neno alilolizaa limekwisha kumshinda. Hicho ndicho kiini cha tamthilia, na hapo ndipo vijana wetu walipoharibu. Risasi ikigeuka maji mbele ya macho yetu, shaka ya Kinjeketile inakuwa upumbavu tu, na Kitunda, anayetaka watu wafanye mazoezi ya vita, hana kazi tena jukwaani.

Hussein alimtenga mhusika wake na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Hata hivyo hakuna awezaye kuitenga tamthilia na maiti. Tarehe 30 Agosti mwaka huohuo wapiganaji waliopewa maji waliliendea boma la Mahenge, wakapokewa kwa bunduki za rashasha. Wala hatuhitaji kurudi mbali hivyo. Mwaka 1987 wafuasi wa Alice Lakwena, waliopakwa mafuta ya kuzuia risasi, walishindwa karibu na Jinja, Uganda. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Mayi-Mayi wa Kongo wamepigana wakiyaamini maji yao, na wengi waliokimbia vita vya huko wamepokelewa katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 katika wilaya yetu hii hii. Mbele ya watu wa namna hiyo, risasi inayochuruzika si mapambo ya mchezo.

Kwa mzee wetu nasema hivi: sisi nasi tunayo maji. Katekisimu Ndogo inatufundisha kwamba bila Neno la Mungu hayo ni maji tu, na hakuna mahali yalipoahidi kwamba risasi haitaingia. Sijui ni wapi pengine kijana atakapoipima tofauti hiyo kwa usalama, kama si katika mchezo ambamo dawa inashindwa na mtu anaanguka.

Ninao ugomvi mmoja na Hussein. Mwishoni Kinjeketile anatakiwa kusema kwamba maji ni uongo, naye anakataa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Jukwaani ni tendo kubwa mno, nami hulisoma kila mara kwa heshima. Lakini kama mchungaji silikubali kwa wepesi. Nimewahi kuliacha mimbarani neno nililolitilia shaka, kwa kuwa liliwashikamanisha watu, na najua jinsi ukimya huo unavyofanana na ushujaa.

Katika onyesho la pili vijana waliiondoa ile risasi yao. Ngoma ikanyamaza, mpiganaji akaanguka, wala hakuna aliyeshangilia. Kijana mmoja aliyekuja kutoka ng'ambo ya ziwa akiwa mdogo alitoka nje, akasimama chini ya mwembe mpaka mchezo ulipokwisha. Mzee wetu alimfuata, wakasimama pamoja.