Ugonjwa wa diploma, na dawa yake

Bwana Ronald Dore, Mwingereza mtaalamu wa mambo ya jamii, alitoa mwaka wa 1976 kitabu kiitwacho The Diploma Disease, ndiyo kusema Ugonjwa wa diploma. Kitabu kimezeeka, lakini mwalimu wa kwetu akikisoma atazani kiliandikwa barazani pake. Basi tukipime.

Neno lake kubwa ni hili: nchi iliyochelewa kuanza maendeleo huugua zaidi. Wainjenia wengi wa Uingereza katika karne ya 19 walijifunza kazi kwa kumfuata fundi. Diploma ilikuja nyuma, polepole. Japani ilianza baadaye, nayo ikatumia shule mapema zaidi katika kuchagua watu wa kazi. Sri Lanka na Kenya zikaja mwisho, na huko karatasi ikawa mlango wenyewe.

Ugonjwa unaenea namna gani? Tuseme nafasi ya ukarani ni moja, wanaoiomba ni ishirini, wote wana cheti cha shule ya msingi. Mwenye kazi hana wakati wa kuwajaribu. Anamchukua yule aliyefika sekondari, si kwa kuwa kazi inadai hivyo, ila kuchagua kumekuwa rahisi. Mwaka unaofuata wazazi wote wanauza mbuzi ili watoto wafike sekondari. Kila mzazi amemtendea mtoto wake vema; wote pamoja hawakusogea hata hatua moja, na mbuzi wamekwisha.

Kwetu Kongo, tarehe 30 Juni 1960, waliomaliza universite hawakufika 30. Viti vya Wabelgiji vilikuwa wazi, na diploma ilimpa kijana kiti mara moja. Wazazi waliona kwa macho yao, wasiamini namna gani? Viti vikajaa upesi, imani ikabaki.

Hapo tunakubaliana na Bwana Dore, ingawa anaizarau kidogo shule yenyewe. Indonesia ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000 kati ya miaka ya 1973 na 1978, na Esther Duflo alionyesha mwaka wa 2001 kwamba watoto waliozipata walisoma zaidi na, walipokua, walipata mshahara mkubwa zaidi. Ni vigumu kusema yote hayo ni karatasi tu.

Dawa yake ndiyo inatusumbua. Anataka vijana waingie kazi mapema, wajifunze humohumo, tena wachaguliwe kwa majaribio ya akili kuliko mitihani ya masomo. Aliitazama China kwa matumaini, kwani huko mtihani wa kuingia universite ulifutwa mwaka wa 1966. Lakini ulipofutwa, nani alichagua? Universite zilipofunguliwa tena, walichagua wakubwa wa kazi na wa chama, kwa kupendekeza majina. Na watoto wa wakubwa wakaujua mlango wa nyuma. Mwezi wa 12 mwaka wa 1977 mtihani ukarudishwa, na watu karibu milioni 5.7 wakaja kuufanya.

Jambo hilo Bwana Dore hakulipima vya kutosha. Mtoto wa mkulima hana mjomba ofisini. Diploma, hata ikiwa na ubaya wake, ndiyo barua yake ya pekee. Tukimnyang'anya kabla ya kumpatia mchaguzi mwenye haki, tunamwacha mikono mitupu mbele ya ndugu ya shefu. Na majaribio hayo ya akili, nani atayatunga, na kwa lugha gani? Yakitungwa kwa Kifaransa, mtoto wa daktari wa Lubumbashi ameshinda kabla ya kuketi.